Nyumba Alizoingia Mama

Nilipokuwa mtoto, kwetu ng'ombe hakufa hivihivi. Mtu aliweza kufa kwa homa, kwa uzee au kwa kuangukiwa na mti, akazikwa, na waliozika wakaenda zao kunywa pombe. Lakini ng'ombe aliyekunywa maji vizuri jana, leo akakutwa amelala miguu juu, hapo lazima atafutwe mtu. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na maelezo yake. Alisema wapo watu wenye mguu mbaya. Hawana dawa, hawana tunguri, wengine hata hawajijui, ila wakishakanyaga zizi lako, baada ya siku chache utakuwa unanoa kisu cha kuchunia. "Mchungulieni kila anayeingia," alituambia wajukuu zake. Wenzangu walisahau wakaenda kucheza. Mimi nilikuwa mtiifu, bahati mbaya. Nilichungulia.

Tulikaa katika nyanda za Usangu, kati ya Rujewa na Ubaruku, miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo na mpunga haujatanda kama leo. Mali ilikuwa ng'ombe. Baba alikuwa Msangu, wa mwisho kuzaliwa kwao. Mama alikuwa Mhehe, aliolewa kutoka upande wa Iringa, na kwa kuwa alikuwa mke wa mdogo wa mwisho, kazi za ukoo mzima zilimwangukia yeye. Nyumba ya Baba Mkubwa ikikosa mtu wa kutwanga, aitwe Mhehe. Shangazi Tabu akiumwa mgongo, na mgongo wake uliuma kila palipokuwa na kazi, aitwe Mhehe. Sikuwahi kumsikia mtu wa ukoo ule akimwita kwa jina lake. Mimi nilikuwa na miaka minane au tisa. Hakuna aliyeandika.

Mwaka huo kiangazi kilikataa kuondoka. Nyasi ziliisha, mto ukabaki madimbwi, na ng'ombe wa kijiji kizima wakawa wanashinda kwenye tope moja, wanang'oa vishina pamoja na mizizi yake. Ndipo alipokufa ng'ombe wetu mkubwa, tuliyemwita Kijivu. Jioni alikamuliwa. Asubuhi tulimkuta tumbo limevimba kama ngoma, damu inamtoka puani na mkiani, nyeusi kama maji ya masizi, na haigandi. Baba aliitazama ile damu muda mrefu. Akachovya kidole, akanusa, akajifuta kwenye nyasi. Kisha akasema, "Leteni visu."

Wewe unayesoma umeshiba, usimcheke. Watu walikuwa wanachemsha majani. Nyama ya ng'ombe mzima haitupwi kwa sababu ya rangi ya damu.

Sasa kwetu nyama haikuliwa na mwenye ng'ombe peke yake. Kila ndugu alikuwa na kipande chake, na kipande hicho kilijulikana tangu ng'ombe akiwa bado ndama. Paja la nyuma ni la kaka mkubwa. Mbavu za kushoto ni za dada. Kidari ni cha mama mzazi. Shingo ni ya mjomba. Na iende na mfupa wake! Kumpelekea mtu mnofu bila mfupa ni kumwambia yeye ni mgonjwa au ni ombaomba. Kwa hiyo wanaume walikata, na Mama akabeba kapu kichwani, damu inamchuruzika shingoni, akaenda nyumba kwa nyumba, anapiga goti, anatoa kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nyuma yake na kikapu changu cha matumbo. Nyama ililiwa. Mifupa ilitupwa nyuma ya mazizi, kama ilivyotupwa siku zote.

Siku ya sita wakafa wawili wa Baba Mkubwa.

Wakachunwa, wakagawanywa, Mhehe akaitwa kubeba. Wiki haijaisha, akafa wa Shangazi Tabu. Wakafuata watatu wa Babu wa ng'ambo, mjomba wake baba, aliyekaa upande wa pili wa mto. Kila palipokufa paligawiwa, na kila palipogawiwa palikufa. Mimi nayasema haya sasa kama mtu mwenye akili. Wakati ule sikuona kitu, ila nilikumbuka kila kitu, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Halafu akafa mtoto. Mtoto wa mwisho wa Baba Mkubwa, wa miaka minne, alishikwa na tumbo asubuhi, akatapika damu, na jua lilipopanda juu alikuwa amekwisha. Kuanzia hapo watu waliacha kusalimiana kwa sauti. Mwanamke akienda kuomba moto kwa jirani aliulizwa kwanza alikotoka. Bibi alichomeka miti ya miiba mlangoni mwa zizi lake. Na Mama akatokewa na kidonda mkononi, chini ya kiwiko, cheusi katikati kama kaa la moto lililozimwa. Ajabu yake, hakikuuma. Alikifunga kwa kitambaa akaendelea kutwanga.

Wazee wakaita mganga. Alitoka mbali, sitasema wapi, wajukuu zake wapo na ni watu wema. Watu walikusanyika uwanjani kwa Baba Mkubwa wakati wa asubuhi. Nilitegemea mtu wa kutisha, manyoya na kengele. Alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la Kizungu, anaongea polepole. Alitandika ngozi chini, akaomba punje za mahindi.

"Mimi simtafuti mtu," alisema. "Mimi nauliza tu. Ng'ombe walikufa vipi, yupi kwanza, yupi baadaye?"

Wanaume wakaanza kubishana.

"Walianza wangu wawili," alisema Babu wa ng'ambo.

"Wako walikuwa watatu, mjomba," alisema Baba.

"Watatu basi! Lakini walianza."

"Walianza nini?" alifoka Shangazi Tabu. "Wangu ameshaoza, wako bado wanajamba tope!"

Watu wakacheka, hata siku ile. Bibi akapiga fimbo chini. "Nyamazeni, vifaranga nyie! Sikitu yuko wapi? Sikitu, njoo hapa. Huyu mtoto ana kichwa. Mimi nikisahau nilipoweka tumbaku yangu namuuliza yeye."

Nikasogea mbele. Lazima niseme ukweli: nilifurahi. Katika ukoo ule msichana alisogezwa mbele siku ya kuozwa tu. Nilipiga magoti kwenye ile ngozi nikapanga punje. Hii ya kwetu, Kijivu. Siku ya sita, hizi mbili za Baba Mkubwa, siku ambayo upepo uling'oa paa la jiko. Hii ya shangazi, kesho yake tulichimba viazi mwitu. Hizi tatu za ng'ambo, wawili asubuhi, mmoja jioni. Sikukosea hata moja. Wanaume walikuwa wanatikisa vichwa wakisema, "Kweli, kweli, mtoto anasema kweli."

Mganga alitazama mstari wangu wa punje. Akauliza kwa upole kabisa, "Na kabla ng'ombe wa Baba yako Mkubwa hawajafa, nani aliingia kwake?"

"Mama."

"Na kwa shangazi yako?"

"Mama."

"Na ng'ambo ya mto?"

"Mama," nikasema. "Na mimi."

Lile "na mimi" hakuna aliyelisikia. Nililirudia. Nililirudia mara mbili, nikisema mimi nilibeba matumbo, nilikwenda kote, lakini watu walikuwa wameshageuka wote kwa pamoja kumtazama Mama, aliyekuwa amekaa mwisho wa wanawake na mchi mapajani. Shangazi Tabu ndiye aliyemvuta mkono na kufungua kile kitambaa. "Mwoneni!" alisema. "Mwoneni na mkono!"

Mganga hakusogea hata hatua moja. "Dawa ikikosa pa kwenda humrudia mwenyewe," alisema, akaanza kuokota punje zake.

Baba Mkubwa hakupiga kelele. Alikuwa amemzika mwanawe siku nne tu nyuma, na macho yake yalikuwa kama ya mtu asiyeona mbali. Alisema, "Sitaki mtu ampige. Nataka nisimwone."

Na baba yangu? Baba yangu alimwambia mkewe, "Nenda kwenu kwanza upumzike, mambo yatulie." Kwanza! Mpaka leo nikimsikia mwanaume anamwambia mwanamke neno hilo, natafuta mwiko.

Aliondoka asubuhi iliyofuata. Watoto ni wa ukoo, kwa hiyo mimi na mdogo wangu tulibaki. Nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala, nikingoja aje anichape. Ningechapwa ningelia, na tungemaliza. Alinikuta, akachuchumaa, akasema, "Yule mwekundu ana chuchu moja haitoi maziwa. Usimvute hapo, atakupiga teke. Na mdogo wako asinywe maji ya dimbwi." Basi. Akajitwika mzigo wake akashika njia ya kwenda barabara kubwa. Alikuwa hajafika kwenye mti wa kwanza, wanawake wakatoka na majembe wakachota udongo aliokanyaga, hatua kwa hatua, wakautupa mtoni. Nami nilipewa karai nibebe. Nikabeba.

Ilipita wiki nzima bila ng'ombe kufa. Watu walianza kucheka tena, Shangazi Tabu akapona mgongo. Mimi kila asubuhi niliamka kabla ya wote nikaenda kuchungulia mazizi, nikiomba. Msiniulize nilikuwa naomba nini. Niliomba afe ng'ombe mwingine. Nilikuwa mtoto wa miaka minane au tisa ninaomba msiba kwa Mungu, kwa sababu msiba peke yake ndio ungesema Mama hayupo na bado wanakufa.

Akafa wa Bibi. Nilikimbia kifua wazi nikipiga kelele, "Amekufa wa Bibi! Amekufa wa Bibi!" kama mtu aliyeona mvua. Bibi alinizaba kibao. Nikamwambia, "Bibi, Mama hayupo!" Akasema, "Ameuacha mguu wake hapa." Wakaanza tena kuchota udongo.

Lakini safari hii jumbe wa kijiji alikuwa ameshapeleka habari Rujewa, na bwana mifugo akaja. Kijana wa Kinyakyusa, kaptula ya kaki, baiskeli, na sanduku la mbao limefungwa nyuma kwa kamba ya mpira. Alikuta wanaume wanataka kumchuna ng'ombe wa Bibi, akawakemea wakaacha, kwa mshangao tu, maana hakuwa na umri wa kumkemea mtu. Alimzunguka yule mzoga, akatazama damu. Kisha akauliza swali lile lile. Nasema lile lile, neno kwa neno. Walikufa vipi, yupi kwanza, yupi baadaye?

"Muulize Sikitu," walisema. "Sikitu anajua."

Nikakamatwa, nikaletwa mbele.

"Sisemi," nikasema.

"Kwa nini, dada?"

"Nikisema mtu ataondoka."

Alinitazama, akawatazama wale wazee, waliokuwa wanatazama vidole vya miguu yao. Nadhani alielewa. Akachuchumaa. "Basi usiniambie walikokufa," alisema. "Niambie wasikokufa."

Hilo sikuwahi kuulizwa. Nilifikiri kidogo tu. "Kwa Mzee Salumu."

Mzee Salumu alikuwa na duka la chumvi na mafuta ya taa. Babu yake alitoka pwani. Alikuwa na ng'ombe saba, walilisha kwenye tope lile lile, walikunywa dimbwi lile lile, na wote saba walikuwa hai wanacheua.

"Huyo ana hirizi!" watu walisema. "Kila pembe ya zizi ana hirizi!"

Mzee Salumu alikuwa amesimama pale pale na kofia yake. "Hirizi?" alisema. "Wallahi ningekuwa na hirizi kali hivyo, ningeanza kumfunga nayo mke wangu mdomo. Hirizi gani? Mmewahi kuniletea nyama yenu? Hamjaniletea hata ukwato. Mnajua sili kibudu, mnyama asiyechinjwa."

Bwana mifugo aligeuka polepole. "Nyama mliigawana? Pamoja na mifupa?"

"Unampelekea mtu nyama bila mfupa?" alisema Bibi. "Kwenu ndivyo mnavyoishi?"

"Na mifupa mnatupa wapi, bibi?"

Tulikwenda wote nyuma ya zizi la Baba Mkubwa. Alikuwepo mtamba mmoja amesimama kwenye takataka, mate yanamtoka, anatafuna ubavu wa mwenzake. Tulikuwa tumewaona hivyo mara nyingi. Kiangazi kikiwa kirefu ng'ombe hutamani chumvi, hutafuna mifupa, nani alijali? Bwana mifugo alisema ugonjwa unaitwa kimeta. Alisema yule wa kwanza pengine alikipata kwenye tope, humo hukaa miaka na miaka, lakini waliofuata walikipata kwa mifupa, na mtoto alikipata kwa nyama. Alipoambiwa juu ya kidonda cheusi kisichouma, alitikisa kichwa akasema hicho nacho ni kimeta, aliyenacho atafutwe haraka. Hakuna aliyesema yuko wapi.

Ng'ombe wa Bibi alichomwa moto mzimamzima, mifupa yote ikaokotwa ikachomwa naye, na Bibi alilia kuona nyama inaungua kuliko alivyomlilia mjukuu. Siku ya pili wakaanza kuchoma sindano. Vifo vikakoma.

Nilimshika Baba shuka. "Baba, ni mifupa. Umesikia? Ni mifupa. Twende tukamchukue Mama."

Baba alimtazama kaka yake. Baba Mkubwa akasema, "Mifupa ilijileta yenyewe?"

Bibi akasema sindano ya serikali ni kali, imeushinda hata mguu wa Mhehe, Mungu ashukuriwe. Hayo ndiyo yakawa maelezo ya kijiji. Mvua iliponyesha Baba alioa mke mwingine, Msangu, mpole. Sina ubaya naye.

Mimi nilikua, nikaolewa Mbalizi, nikazaa. Nilikuwa na watoto wawili nilipopata nauli na ujasiri kwa wakati mmoja, nikapanda lori kwenda Iringa. Nilimkuta Mama kwa kaka yake, anapukuchua maharage. "Kamwene," nilimsalimu kwa lugha ya kwao. Aliniitikia kama anavyoitikiwa mgeni, kisha akaniangalia vizuri, akasogeza mkeka. Kovu lilikuwepo mkononi, limezama kama alama ya kidole kwenye udongo mbichi. Hatukulia. Tulipukuchua maharage.

Jioni mbuzi wa kaka yake walirudi. Njia ya kwenda kisimani ilipita karibu na zizi lao, hatua kumi tu. Mama alichukua mtungi wake akazunguka juu kabisa, kwenye mawe, mwanamke mwenye magoti mabovu vile. Nikamuuliza, mbona unazunguka?

"Mguu wangu," alisema. "Unajua mguu wangu."

Hakuna aliyemwambia. Miaka yote ile, hakuna mtu aliyepanda lori akaenda kumwambia neno moja. Na yeye mwenyewe alikuwa ameamini. Hakuwahi kufuga hata kuku. Kwenye arusi za ndugu zake alikaa nje ya uzio ili mahari ya watu isije ikafa.

Basi tulipofika kisimani nikamwambia. Nilisema yote, mifupa, tope, Mzee Salumu, sindano. Nilisema haraka, nikijiona kama mtu anayemtua mwenzake mzigo kichwani. Alisikiliza hadi mwisho. Mtungi ulikuwa umejaa na maji yanamwagika, hakuuona.

"Na mtoto?" aliuliza.

"Ni nyama ile, Mama. Si wewe."

"Siku ile alikuwa ananililia njiani," alisema. "Nilimkatia ini kwenye kapu, nikamchomea mwenyewe, kwa kumwonea huruma. Halikuiva vizuri. Alikuwa na haraka." Akauvuta mtungi kando. "Nilidhani ni mguu. Mguu mtu anazaliwa nao, hana la kufanya. Kumbe ni mkono."

Wajomba waliniambia baadaye kwamba alianza kupita karibu na zizi, hata akakamua mbuzi. Lakini hakumpa tena mtoto yeyote chakula kwa mkono wake. Alikiweka chini, akasogea mbali, akasema, "Chukua."

Nilisema juu ya mama yangu mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kusifiwa, mara ya pili nilitaka kumwokoa. Mara zote mbili nilisema kweli tupu, na mara zote mbili nilimwacha amekaa peke yake. Watu wananiambia nisijilaumu, nilikuwa mtoto. Ile ya kwanza nilikuwa mtoto. Ile ya pili nilikuwa mwanamke mzima mwenye nauli yangu mkononi.